Kundi la Nuru

Simu ilifika kijijini Mahurunga ndani ya kapu la samaki wakavu, imefungwa kwenye kanga mbili. Aliyeituma ni Nuru, binti mdogo wa Bi Somoe, aliyeolewa Mtwara mjini na kukaa Magomeni, ambako alikuwa akiwapikia chakula wafanyakazi wa bandarini. Aliyeipokea ni dada yake, Mwanakombo, kwa sababu kila kitu kilichoingia nyumba ile kilipitia mikononi mwake: maji, kuni, dawa, na sasa simu ya tachi.

Bi Somoe alikuwa ameanza kupoteza macho miaka mitatu nyuma. Ulianza ukungu kwenye jicho la kushoto, ukahamia la kulia, hadi ikawa anawatambua watu kwa hatua zao na kwa namna wanavyokohoa. Simu yake ya zamani, yenye vitufe, aliweza kuipapasa. Hii mpya ilikuwa kioo kitupu.

"Sasa nitamjuaje anayenipigia?" aliuliza, akiigeuza geuza. "Nitakuwa napokea tu kama mlevi?"

Mwanakombo aliipeleka kwa Mwalimu Witness, binti wa Mbeya aliyefundisha shule ya msingi na kupanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwao. Mwalimu akamwonyesha kitu ambacho Mwanakombo hakuwa amekijua: kwamba unaweza kuyapanga majina ya watu kwa makundi, na kila kundi ukalipa mlio wake.

"Mama hawezi kukariri milio arobaini, dada Mwanakombo," Mwalimu alisema. "Lakini makundi manne, matano, atayashika. Jogoo akiwika anajua ni jirani. Ngoma ikilia anajua ni kina kaka yako kule ng'ambo. Umeona? Unabonyeza hapa, unachagua kundi, unachagua mlio, basi."

Mwanakombo aliyeishia darasa la saba alirudia mara tatu mbele ya mwalimu, na mara ya tatu hakukosea. Alirudi nyumbani amejaa furaha. Muda mrefu ulikuwa umepita bila kujifunza jambo jipya.

Wakakaa ukumbini, mama na binti, wakaanza kazi. Kundi la kwanza waliliita Ng'ambo, la Idrisa, kaka yao aliyevuka mto wa mpakani zamani kwenye kivuko cha Kilambo, akaoa na kubaki Msumbiji. Bi Somoe akachagua ngoma. Majirani wakapewa jogoo. Ukoo, yaani shangazi na binamu wa Mtwara na Lindi, wakapewa kengele ya baiskeli. Namba zisizo na jina na matangazo ya kampuni za simu yaliingia kundi la Wengine, na Bi Somoe alipousikia mlio wa vyura alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hao hao! Wape vyura. Wakilia nawaacha walie hadi wachoke."

"Tayari. Tumemaliza, mama."

"Bado Nuru."

"Nuru namtia kwenye Ukoo."

"Hapana. Nuru awe na kundi lake."

Mwanakombo alinyanyua macho kutoka kwenye simu. "Kundi la mtu mmoja?"

"Ndiyo. Na mlio wake nataka niutie mwenyewe. Mwalimu si kakuambia simu inaweza kurekodi?"

Basi Mwanakombo akashika simu karibu na mdomo wa mama yake, na Bi Somoe akaimba. Hakuimba maneno. Aliguna tu ule wimbo wa kubembelezea aliomwimbia Nuru alipokuwa mchanga, mtoto wa kuzaliwa kabla ya siku zake, aliyelala kifuani mwa mama miezi minne bila kuwekwa chini. Mwanakombo wakati huo alikuwa na miaka tisa. Aliukumbuka wimbo, kwa sababu aliusikia akiwa nje, akitwanga. Sasa alisimamisha mkono usitikisike, akahesabu sekunde kwenye kioo, thelathini na mbili, akabonyeza kuhifadhi.

"Na mimi?" aliuliza. Alijitahidi sauti iwe ya mzaha.

"Wewe?" Bi Somoe alishangaa kweli. "Wewe si uko hapa? Unipigie simu ya nini? Jiweke popote tu."

Akajiweka kwenye kundi la majirani.

Tangu siku ile nyumba ilikuwa na mlio mmoja tu uliokuwa na maana. Jogoo akiwika Bi Somoe alipokea kwa wakati wake. Ngoma ikilia alifurahi, akamuuliza Idrisa habari za wajukuu, akakata. Lakini mguno ule ukianza, aliacha lolote lililokuwa mkononi. Siku moja aliachia bakuli la uji likamwagika mkekani, naye akapapasa simu huku akisema, "Nakuja, mama, nakuja," kana kwamba mtu alikuwa mlangoni. Mwanakombo akapangusa uji. Alipangusa akisikiliza upande mmoja wa mazungumzo: kumbe umesema hivyo, kumbe umepika hivi, pole na jua, mwanangu, usijichoshe.

Usijichoshe. Mwanakombo alikuwa ametoka mtoni na ndoo ya tatu.

Hakuwahi kumjibu mama yake vibaya. Alimwogesha, akamsuka nywele, akampikia ming'oko aliyoichimba mwenyewe porini kwa sababu mama aliipenda kuliko muhogo. Mume wake alikuwa amemwacha zamani, mtoto hakujaaliwa, na watu wa Mahurunga walimsifu kuwa binti wa aina yake hawazaliwi tena. Sifa zile zilimwingia sikio moja, zikatokea la pili. Alichokitaka ni kuitwa na mama yake, walau siku moja, kwa sauti ile aliyompokelea Nuru kwenye simu.

Mwezi wa tano homa ikamkamata. Alilala chumbani anatetemeka chini ya kanga mbili, koo limekauka. Akaita, "Mama, naomba maji." Mtungi ulikuwa ukumbini, hatua nne kutoka alipokaa Bi Somoe, na hatua hizo bibi alizijua bila macho. Mwanakombo akaita tena. Akasikia mama yake akisema, "Subiri kidogo, naongea na Nuru." Kisha akacheka kwa jambo alilosema Nuru.

Maji yalikuja baadaye, na pole ikaja, na mkono wa mama kwenye paji la uso. "Mbona unawaka hivi! Hukusema kama ni homa." Mwanakombo alikunywa, akarudisha kikombe.

Kesho yake, homa ikiwa imepungua na Bi Somoe amelala usingizi wa mchana, aliichukua simu. Vidole vilijua njia. Alilitoa jina la Nuru kwenye kundi lake, akalitia Wengine, pamoja na matangazo na watu wa namba zisizojulikana. Likabaki kundi tupu, lenye wimbo bila mtu. Aliliangalia kidogo. Halafu akaitoa namba yake mwenyewe kwa majirani, akaiweka humo.

Asubuhi iliyofuata alikwenda shambani kwenye muhogo, akasimama juu ya kichuguu ambako mtandao hukamata, akapiga. Alikuwa amepanga maneno. Angesema, "Mama, ni mimi, Mwanakombo, nimeona nikusalimie tu." Alitaka kusikia sauti ile ikimkuta yeye.

"Nuru! Nuru mwanangu! Nilijua leo utapiga mapema!"

Sauti ya mama ilikuwa kama ya mwanamke kijana. Mwanakombo aliibana simu sikioni.

"Mbona kimya? Mtandao wa ng'ambo huo umeingilia. Haya, mimi naongea, wewe nisikie. Na afadhali umepiga sasa, dada yako yuko shamba. Lile suala la mimi kuja kukaa kwako usilitaje kwanza kwa Idrisa. Mwanakombo nitamwambia mwenyewe, nikipata pa kuanzia. Nnamsikia, Nuru. Nnamsikia anavyotua ndoo. Anatua kama anampiga mtu. Hajanijibu vibaya hata siku moja, lakini ndoo zake nnazisikia. Amenichoka. Na juzi kaumwa, mimi nipo tu nacheka na simu, sikujua mpaka nilipomshika… Hallo? Nuru?"

Mwanakombo akakata.

Alikaa chini palepale kwenye kichuguu. Mtu mwingine angeona aibu kwanza, na aibu kweli ilikuja, ila baadaye. Kilichomjia kwanza kilikuwa moto wa hasira. Walikuwa wamekaa wakamjadili. Dakika kumi kila siku, huku yeye akichota maji, wawili wale walikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa yeye. Na mama anataka kwenda kwa Nuru! Nuru, aliyemwogesha mama mara ngapi? Nuru, aliyejua nini kuhusu chango la mama la usiku, au mguu unaokufa ganzi, au namna ya kumfunga kanga isimvuke?

Aliporudi nyumbani hakurudisha chochote kwenye simu.

Mchana vyura walilia. Bi Somoe alitabasamu, akawaacha. Wakalia tena alasiri. Kesho yake walilia mara saba.

"Vyura hawa leo wana nini?"

"Kampuni, mama," alisema Mwanakombo, akichambua mchele bila kuinua kichwa. "Wanatangaza bando."

Ulimi haukumkwama, na hilo lenyewe lilimtisha kidogo. Simu ya Mwanakombo nayo ikalia jioni, jina la Nuru likiwaka kwenye kioo. Aliilaza kifudifudi. Ukaja ujumbe, akauacha bila kuufungua, ukafuatiwa na mwingine.

Siku ya tatu Bi Somoe alikataa kula. "Nuru amekasirika," alisema. "Siku ile alinyamaza kwenye simu, mimi nikadhani mtandao. Kumbe nilisema jambo likamuudhi. Labda nilimwelemea kwa habari ya kwenda kukaa…" Akajikatiza. "Mpigie wewe."

Mwanakombo alichukua simu, akabonyeza bonyeza kioo, akaiweka sikioni mwake. "Hapatikani."

"Jaribu tena."

"Hapatikani, mama."

Bi Somoe akageuka upande wa ukuta. Akalala hivyo hadi magharibi, na alipoamka kuswali, Mwanakombo alimwona akikaa sana kwenye dua. Usoni mwa mama yake kulikuwa na wasiwasi ambao hakuwahi kuuona ukielekezwa kwake, na badala ya kumhurumia akauonea wivu hata huo wasiwasi.

Siku ya tano, kabla jua halijakaza, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba. Nuru alishuka bado amevaa aproni ya jikoni, kichwa wazi, mtandio umeteleza mabegani. Alipomwona mama yake amekaa kibarazani akaanguka magotini pake.

"Mama! Uko hai! Ee Mwenyezi Mungu, uko hai!"

"Nuru? Nife kwa nini? Mbona umeniacha siku zote hizi?"

"Nimekuacha? Nimepiga mara ishirini na sita! Hupokei, dada hapokei. Madaktari wa macho walikuja mjini, mama, wa kutoa mtoto wa jicho. Niliandikisha jina lako, nikapata nafasi, nikapiga nikuambie uje. Jina lako limesomwa jana mara tatu. Mara tatu, mimi nimesimama pale peke yangu! Jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho."

Bi Somoe alishika kichwa cha binti yake kwa mikono miwili. "Simu haikulia," alisema polepole. "Wimbo wako haukulia."

Nuru akaichukua simu ya mama iliyokuwa mkekani, akatoa ya kwake, akapiga. Kibarazani vyura wakaanza kulia.

Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele.

Vyura walilia hadi wakakoma wenyewe. Nuru alikitazama kile kioo, akakigonga kwa kucha. "Itakuwa imeharibika," alisema. "Simu hizi ukizidondosha zinajichanganya. Uliidondosha, mama?"

Mlango wa kuponyokea ulikuwa umefunguliwa kwa Mwanakombo, mpana, na aliyeufungua alikuwa Nuru mwenyewe. Alihitaji kuitikia tu. Tayari neno "labda" lilikuwa mdomoni. Lakini mama yake alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, sikio limetangulia, kama afanyavyo anapotaka kujua nani ameingia. Alikuwa akimsubiri.

"Ni mimi," alisema Mwanakombo. "Haijaharibika. Nilimtoa Nuru, nikamtia kwa vyura. Nikajiweka mimi kwenye wimbo."

"Nini?" Nuru alisimama.

"Na siku ile aliyenyamaza kwenye simu hakuwa Nuru, mama. Nilikuwa mimi, niko shamba."

"Kwa hiyo ulisikia," alisema Bi Somoe. "Ya ndoo."

"Nilisikia."

"Kwa ajili ya mlio wa simu!" Nuru alipiga kelele, na majirani wawili wakachungulia uani. "Umemnyima mama macho kwa ajili ya mlio wa simu?"

"Kwa ajili ya mlio wa simu, ndiyo!" Mwanakombo aliutupa ungo, mchele ukatawanyika. "Wewe umeshika simu dakika kumi, unaitwa mwanangu, unaambiwa usijichoshe. Mimi nimemshika mama miaka mitatu! Niliomba maji nikaambiwa subiri, naongea na Nuru. Uliyajua hayo? Alikuambia?"

"Dakika kumi ndizo nilizo nazo! Wewe unaamka naye, unalala naye. Mimi mama yangu yuko ndani ya simu, akikata amekwisha!"

Maneno yale hayakumwingia Mwanakombo. Alikuja kuyafikiria baadaye sana. Pale alikuwa akiutazama mchele tu, akijua kwamba atauokota yeye.

"Nuru," alisema Bi Somoe, "nipakie nguo zangu."

Hakusema zaidi. Wala hakumlaani, jambo ambalo Mwanakombo alikuwa akiliogopa, wala hakumwambia amemsamehe. Alivalishwa baibui, akapandishwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na Nuru, ameshikwa kiuno. Alipokwisha kukaa sawa alinyoosha mkono hewani, Mwanakombo akausogelea, akaushika. Mama akaubana mara moja. Pikipiki ikaondoka.

Alibaki na nyumba. Siku za kwanza aliendelea kuamka alfajiri na kuchemsha uji wa watu wawili. Ndoo moja ikawa inatosha hadi kesho. Mwalimu Witness alipita kuuliza habari za bibi, Mwanakombo akasema amekwenda mjini kutibiwa. Mwalimu akatingisha kichwa tu. Habari alikuwa nayo, kama kijiji kizima.

Wivu haukwisha kwa sababu ya aibu. Huo ndio ukweli. Usingizi ukimkatika alimwona mawazoni Nuru akimkata mama kucha, naye akainuka akakaa kitako kitandani. Alijiuliza kama wanajua kwamba mama hali samaki mwenye miba midogo. Wiki mbili zilipita ndipo akapiga, na alipiga kwa Nuru.

Nuru alipokea bila salamu. "Unataka kuongea naye?"

"Nataka kukuambia wewe. Samaki mpe wa nyama tupu. Na mguu wa kulia usiku ukimfa ganzi, usiusugue, uukunje polepole, ndiyo unaachia. Mafuta ya nazi yawe ya vuguvugu."

Nuru akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Juzi alilia na huo mguu mpaka asubuhi. Nilikuwa nasugua."

Kuanzia hapo walizungumza, kwa mambo ya mguu, ya dawa, ya choo. Hawakuwa marafiki. Nuru hakusahau, mara nyingine akamrushia neno, na Mwanakombo akalimeza kwa sababu lilikuwa lake. Madaktari waliporudi mwezi wa nane, Nuru alimwambia siku na saa, naye akapanda gari alfajiri akafika kabla jina la mama halijasomwa. Walikaa benchi moja nje ya chumba cha upasuaji, mkoba wa mama katikati yao.

Bi Somoe aliporudi Mahurunga, mikorosho ilikuwa imeanza kudondosha. Jicho la kulia lilikuwa limefunguka vizuri. La kushoto daktari alisema lingojee. Alishuka barabarani, akakataa kushikwa, akatembea mwenyewe hadi uani, Nuru akimfuata na mkoba. Akasimama mbele ya nyumba yake kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Mwanakombo, kuanzia miguuni hadi usoni, naye Mwanakombo akajikuta anaficha mikono nyuma.

"Umekonda," alisema mama. "Na mvi zimekutoka. Hakuna aliyeniambia." Akaugeukia ukuta. "Huu umekandikwa upya. Nani kaukandika?"

"Mimi, mama. Mwaka juzi, baada ya masika."

"Mwaka juzi." Bi Somoe alipitisha kiganja kwenye udongo laini wa ukuta, juu hadi chini, akapita dirishani, akafika kwenye kona. "Na paa?"

"Na paa."

"Nami nilikuwa nakaa ndani, sijui." Alisimama vile, kiganja ukutani. "Nitabaki hapa hadi korosho ziishe," alisema. "Nitaokota na mimi, mgongo ukikubali. Halafu Magomeni kidogo, jicho hili la pili. Halafu tutaona."

Jioni ile Nuru alimsimulia mama kichekesho cha mpishi mwenzake aliyetia sukari kwenye mchuzi, na wawili wale wakacheka kibarazani, vichwa vimegusana. Mwanakombo aliwasikia akiwa jikoni. Kitu kile kile kikamchoma, mahali pale pale, kama kawaida. Alisonga ugali hadi ukaiva. Kisha akanawa mikono, akachukua kigoda, akatoka nje akakiweka kando yao.

"Mpishi gani huyo?" aliuliza. "Anza tena, sikusikia mwanzo."